Kuwatafutia Wazee Kazi

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na bado naamka saa kumi na moja na nusu nikitafuta sare. Wenzangu vijana wa pale makaoni wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, kwa sababu, kama walivyosema wenyewe, mambo mengi nimeondoka nayo kichwani. Ni kweli. Daftari nililowaachia lina orodha tu, na orodha hizo mtu asiyekuwapo hawezi kuzielewa. Habari za vyeo nitaziruka, maana nilipata viwili tu, na cha pili kilikuja na kiti chenye mguu mbovu. Nitaandika nilivyojifunza kukaa na mzee aliyesahau, na kumtafutia cha kufanya tangu anapomaliza uji wa asubuhi hadi jua linapozama.

Niliingia kwenye makao yale ya wazee ya Ipuli nikiwa mwalimu wa chekechea. Shule yangu ya Kanyenye ilikuwa imefungwa, nikasikia wanatafuta mtu wa kuwachangamsha wazee. Neno walilotumia ndilo hilo, kuwachangamsha, nami nikajiambia kazi ni ileile, tofauti ni umri. Siku ya kwanza nilifika na mpira wa matambara, picha za wanyama nilizozipaka rangi mwenyewe, na wimbo wa kupiga makofi. Nikawapanga wazee barazani kwenye duara. Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Haya, babu zangu na bibi zangu, makofi matatu!"

Wachache walipiga, nadhani kwa kunihurumia. Wengine walitazama ukuta. Kisha bibi mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, akainua mkono kama anayeomba ruhusa. Huyo alikuwa Bibi Anjelina. Asubuhi ile ile alikuwa ameniuliza mara tatu kama ni Jumapili.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Veronika, bibi."

"Veronika, mimi nimefundisha hesabu darasa la saba. Leo ni siku gani sijui, lakini mtu akinifanya mtoto najua. Hebu kaa chini upumzike."

Nikakaa chini. Tulibaki hivyo mpaka kengele ya chakula ilipolia. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na sijaipamba.

Mkuu wa wauguzi wakati huo alikuwa Bi Zuhura, mama wa mtaa wa Gongoni, mtoto wa zile familia za Kiarabu ambazo babu zao walikuja na biashara zamani za misafara na hawakurudi. Alikuwa ameona yote dirishani. Mchana aliniita kwenye chumba cha dawa, akanimiminia kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, akaniacha ninywe kwanza. Ndivyo alivyokuwa. Hakumgombeza mtu ambaye hajanywa kitu.

"Yule Anjelina, unajua alikuwa nani?" aliniuliza.

"Nimesoma faili lake."

"Faili linasema presha na macho. Mimi nakuuliza, kabla hajaja hapa, alikuwa akiamka asubuhi aende wapi?"

"Sijui," nilikiri.

"Basi wiki hii usifundishe mtu kitu. Kaa nao. Tazama mikono yao inafanya nini wakiwa wamekaa bure. Ijumaa uniambie."

Nilikaa. Mnaoanza kazi hii sasa mtaona kukaa tu ni uvivu, na msimamizi atapita akutazame vibaya, lakini mimi sijawahi kufanya wiki ngumu kuliko ile. Niliona Bibi Anjelina akiandika kwa kidole juu ya paja, mistari iliyonyooka, akifika mwisho anarudi mwanzo. Niliona Bibi Nyamizi, mama mnene aliyetoka upande wa Urambo na ambaye hakusema neno na mtu, akichukua pindo la kanga yake, analinyoosha, analipapasa kwa kiganja, analiweka kando, analichukua tena. Kutwa nzima. Wahudumu walisema ni ugonjwa. Jumatano mdogo wake alipokuja kumsalimia nikamuuliza, akacheka. "Huyu? Huyu alichambua tumbaku tangu msichana. Alikuwa anashika jani amefumba macho, anakwambia hili la daraja gani."

Ijumaa nilimweleza Bi Zuhura, naye akasema, "Sasa umeanza kazi."

Bibi Anjelina tulimpa madaftari ya hesabu kutoka shule ya jirani, yale yaliyokwisha tumika, na kalamu nyekundu. Alisahihisha kila asubuhi baada ya uji. Mara nyingine aliweka vema mahali pa kosa, nasi hatukumwambia kitu. Mwalimu mmoja wa shule ile alikiri kwetu kwamba hata yeye huwa inamtokea.

Kwa Bibi Nyamizi nilikosea, na kosa hilo nataka mlijue kwa sababu naliona likifanywa mpaka leo. Nilimletea ungo wa maharage ya rangi mbili ayatenganishe. Aliyatenganisha kwa ustadi, haraka, uso umetulia. Alipoenda kujisaidia, nikayachanganya tena ili apate kazi ya mchana. Nilijua hatakumbuka. Akarudi, akakaa, akatazama ungo kwa muda mrefu, halafu akausukuma mbali kwa mguu. Siku tatu hakugusa kitu chochote nilichompa. Akiniona anageuza kichwa.

"Lakini hakumbuki," nilimwambia Bi Zuhura.

"Hakumbuki, ila amejua. Ungependa mtu akupe kazi, ukiimaliza aivuruge, akwambie anza tena?"

Tukaenda jikoni. Tulimwomba mpishi ampe Bibi Nyamizi mchele na maharage ya kweli, yale ya kuliwa, achambue. Mpishi alinung'unika kwamba bibi atamchelewesha, na kweli alimchelewesha wiki mbili. Halafu Bibi Nyamizi akashikwa na malaria, mpishi akachambua mwenyewe kwa haraka zake, na siku hiyo nyumba nzima tukala wali wenye mawe. Alipopona, mpishi alimfuata chumbani na ungo mkononi, akamsalimia shikamoo kwa adabu ambayo sisi wengine hatukuwahi kuiona.

Miaka ilienda hivyo. Nilijaza taratibu kikapu changu cha vitu vya kuwapa wazee washike. Kilikuwa na tasbihi na rozari, buli la kahawa lililotoboka, funguo zisizofungua kitu, jani la tumbaku ndani ya gazeti, sabuni ya mche. Wazee wengi wa kule babu zao walikuwa wapagazi, walibeba mizigo hadi pwani kwa miguu, na bado wanajua namna ya kuitikizana ile ya njiani, mmoja anaita wengine wanajibu. Tuligundua kwamba mzee anayegoma kwenda bafuni akiitiwa vile anainuka na kutembea. Na ilikuwapo ratiba yangu ya ukutani, ya rangi nne, Jumatatu nyimbo, Jumanne bustani, ambayo msimamizi aliipenda na wageni waliipiga picha. Ilikuwa nzuri sana. Hakuna mzee aliyeifuata.

Bi Zuhura alistaafu, nikabaki. Nilianza kujiona najua. Ndipo akaletwa Mzee Maganga.

Alikuwa mrefu, amekauka, makovu madogo madogo usoni na mikononi. Aliletwa na binti yake, Kabula, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye duka la vitenge Kanyenye. Kabula alisema mambo yake kwa kifupi, amesimama, mkoba begani. Baba yake alikuwa mrina asali kwenye misitu ya Sikonge maisha yake yote. Sasa anapotea. Kabula amekuwa akimfungia chumbani anapokwenda dukani, majirani wanamsema, na yeye mwenyewe hawezi tena kuvumilia kumsikia akigonga mlango.

"Mama yangu aliolewa na mtu asiyekaa nyumbani," aliniambia. "Hata nilipozaliwa alikuwa porini. Sasa amenirudia mimi." Hakulia. Alisaini karatasi akaondoka.

Nilimsalimu mzee, "Shikamoo babu." Hakujibu. Nikajaribu, "Mwangaluka, babu," kama walivyonisalimu bibi zangu asubuhi, na hapo akageuka, akaitikia kwa Kinyamwezi, akaniuliza kama mvua imenyesha. Tangu hapo sikumsalimu kwa namna nyingine.

Kila asubuhi alikwenda getini. Alishika chuma kwa mikono miwili na kueleza, kwa upole kabisa, kwamba nyuki wanamsubiri. Niliyajaribu yote yaliyomo kwenye kikapu. Nilimletea nta, akainusa, akairudisha na kusema imeungua. Nilimletea picha ya mzinga, akaniangalia kama Bibi Anjelina alivyoniangalia siku ile. Nilijua ni wa wapi na alifanya kazi gani, lakini sikupata pa kuingilia.

Asubuhi moja nilikuwa mezani najaza taarifa ya mwezi, sehemu inayouliza wazee wangapi wameshiriki shughuli. Nilikuwa naandika "wote". Nilipoinua kichwa, geti lilikuwa wazi na Mzee Maganga hayupo. Mimi ndiye niliyempokea muuza mboga, na mimi ndiye ambaye sikurudisha komeo.

Tulimtafuta nusu siku. Nilipita nyumba kwa nyumba, jua linapiga, kiatu kimoja kimekatika mkanda, nikiuliza, "Hamjaona mzee mrefu wa shati la buluu?" Nilifikiria barabara ya magari. Nilifikiria reli. Nilifikiria uso wa Kabula. Karibu na saa nane mama mmoja akaniita kutoka uani kwake.

"Yupo huku. Nilitaka kuita watu, nikidhani mwizi. Lakini njoo uone."

Mzee Maganga alikuwa amesimama nyuma ya choo chao, sikio lake ameligandisha kwenye shina la mti mkubwa wenye tundu. Nilikaribia. Ndani ya mti nyuki walikuwa wananguruma.

"Babu," nilisema.

"Polepole," alinijibu. "Wana watoto. Hawa msiwaguse mpaka mwezi wa sita."

Yule mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Tumekaa hapa miaka tisa. Hatukujua kuna nyuki."

Msimamizi hakutaka kusikia habari za nyuki. Alikuwa mtu wa haki, simlaumu. Mzee angegongwa na gari, angejibu yeye. Alisema kuna mambo mawili, chumba chake kitiwe kufuli mchana, au arudishwe kwa binti yake. Mambo hayo mawili kwa Mzee Maganga yalikuwa jambo moja, kufungiwa. Nikaomba wiki mbili. Nilisema kosa la komeo ni langu, aliandike kwenye faili langu, akaliandika. Kisha akanipa hizo wiki.

Jioni hiyo nilikwenda Kanyenye. Kabula alikuwa anafunga duka. Nilimweleza yaliyotokea bila kupunguza kitu, naye akakaa juu ya robota la vitenge akanisikiliza.

"Niambie kitu chochote kuhusu baba yako," nilimwomba. "Hata kidogo."

"Mimi baba yangu simjui, Mwalimu. Najua mgongo wake akiondoka. Akirudi ananuka moshi, analala siku mbili, anasokota kamba zake uani, anaondoka tena."

"Kamba gani?"

Alinitazama kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya kamba nene, ya kahawia, laini kama imepakwa mafuta. "Hii. Ya magome. Alikuwa anafungia mizinga juu ya miti. Naanikia nguo miaka yote, haikatiki." Akazianua nguo zote, akaifungua, akanipa.

Asubuhi yake nilikwenda getini, nikasimama kando ya Mzee Maganga. Nilimwekea kamba mkononi. Aliipitisha vidoleni urefu wake wote, polepole, mpaka akafika mahali palipokuwa pamefumuka kwa kufungwa kwenye msumari. Akasimama hapo. Akanung'unika kitu. Kisha akatafuta pa kukaa. Nilimsogezea kigoda, akakunja suruali juu ya goti na kuanza kusokota pajani, kiganja kikienda mbele na kurudi, kana kwamba aliiacha kazi hiyo jana. Geti lilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakuliangalia tena mpaka chakula cha mchana.

Alipomaliza kutengeneza, akadai magome. Nilimletea katani, akaitupa. Nilimletea nyuzi za magunia ya plastiki, akanitupia mimi. Ikabidi nimpigie simu kaka yangu Sikonge, naye akatuma kwa basi furushi la magome ya mti wa myombo yaliyoloweshwa, likiwa limefungwa kwenye kanga ya wifi yangu. Kondakta alilalamika juu ya harufu. Mzee Maganga alilinusa furushi lile na macho yake yakajaa machozi, ila alisema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Wiki mbili zikapita, msimamizi hakuulizia kufuli. Mwezi wa pili alikuja mwenyewe kuuliza kama anaweza kupata kamba ya kufungia mbuzi wake.

Na hapa niseme, ili msidhani mambo yalinyooka. Zilikuwapo siku Mzee Maganga alikataa kila kitu. Zilikuwapo siku alinisukuma. Siku hizo nilikaa naye tu, au nilimpisha. Kamba haikumponya. Ilimpa asubuhi zake.

Nilikuwa nikimpelekea Kabula habari kila nilipopita Kanyenye, lakini hakuwa amekuja. Alisema duka. Alhamisi moja akatokea mlangoni, mkoba begani kama siku ile ya kwanza. Alimwona baba yake uani, anasokota, midomo inachezacheza.

"Nikamwambie nini?" aliniuliza.

"Usimuulize kama anakukumbuka. Kaa karibu. Atakupa kazi."

Kabula akakaa kwenye jamvi na nguo zake za dukani. "Mwangaluka, baba."

Mzee aliitikia bila kuinua macho. Baada ya muda akamnyooshea ncha ya kamba. "Shika hapa. Kaza. Usilegeze."

Akashika. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, yeye akirudi nyuma kidogo kidogo kadiri kamba ilivyokua. Mimi nilikuwa pembeni na Bibi Nyamizi na ungo wake, na nakiri kwamba nilikuwa nasikiliza.

"Wewe mtoto wa nani?" mzee aliuliza.

Kabula akanitazama.

"Wa Maganga," alisema.

"Maganga yupi? Mrina asali?"

"Huyo huyo."

"Namfahamu." Alitema mate kwenye kiganja, akaendelea kusokota. "Tulikuwa naye porini. Ana binti, anaitwa Kabula, alizaliwa na mvua ya kwanza. Habari ilimkuta kambini, mizinga imejaa. Akaiacha vile vile. Akatembea siku mbili kwenye matope. Alipomshika yule mtoto hakurudi porini msimu wote. Anambeba tu, anazunguka naye. Nyegere wakaja wakaila mizinga yote."

Mkono wa Kabula ulikuwa umelegea.

"Kaza," alimwambia.

Akakaza.

"Watu walimcheka. Mwaka mzima hana asali, ana mtoto wa kike begani. Kwa hiyo baadaye akawa anakaa huko sana, kuufidia ule mwaka, na mizinga mingine ikaja, na mingine. Ikawa ndiyo hivyo." Aliongeza uzi mwingine wa gome. "Ila ule mwaka hakuujutia. Wewe ukimwona huyo binti, mwambie baba yake hakujuta."

"Nitamfikishia," alisema Kabula.

Alibaki ameshika ncha ile mpaka kamba ikaisha. Alipoondoka alinipita bila kuniaga, amejifunika uso kwa mtandio, nami nikamwacha apite.

Mzee Maganga aliishi nasi masika mawili zaidi. Hakumtambua binti yake hata siku moja, na Kabula hakukosa Alhamisi hata moja.